Gobore la Babu Salimu

Wenzangu tuliokulia upande huu wa Afungi, kusini mwa Ruvuma, tuliokuwa bado tunang'oka meno ya mbele meli za kwanza za watafuta gesi zilipoonekana, mtanielewa nikisema utoto wetu ulikuwa na harufu ya baruti. Sisemi baruti ya vita. Hiyo ilikuja baadaye na harufu yake ni nyingine. Nasema baruti ya gobore, iliyochanganyika na moshi wa kuni za mkorosho, na mafuta ya nazi yaliyopakwa kwenye mtutu usishike kutu, na jasho la wazee waliorudi kutoka porini mikono mitupu na midomo imejaa maneno.

Midomo ndiyo ninayoikumbuka zaidi. Kijijini kwetu kulikuwa na gobore moja tu, la babu yangu mzaa baba, Babu Salimu, lakini wataalamu wa bunduki walikuwa watatu. Kila siku baada ya swala ya alasiri walikutana kwenye kibaraza cha duka la Bwana Issa, na kanga waliouawa pale kibarazani kwa maneno ni wengi kuliko waliopata kuruka katika mashamba yetu yote.

Bwana Issa mwenyewe alikuwa mtu wa ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Mtwara. Alikuja na mabunda ya vitenge na sabuni kabla sijazaliwa, akaoa kwetu, akabaki. Alituambia kwamba baba yake aliwahi kubebea mizigo wazungu wawindaji, kwa hiyo bunduki alizijua kwa kurithi, hasa zile za kartusho, yaani za risasi zilizofungwa tayari. Hatukuwahi kumwona ameshika hata moja. Mwingine alikuwa Mzee Nkapoka, Mmakonde aliyepigana vita vya ukombozi akiwa kijana mdogo, kisha akawa seremala. Huyu ndiye aliyezishika bunduki kweli, na ndiye aliyezungumza kidogo kuliko wote.

"Tatizo la gobore," Bwana Issa alikuwa akisema huku anapima sukari, "ni kwamba ukikosa mara ya kwanza, mnyama anapata nafasi ya kuswali rakaa mbili kabla hujamaliza kushindilia tena."

"Na tatizo la hiyo bunduki yako ya kartusho," Babu alimjibu, "ni kwamba haipo."

Watu walicheka, na Bwana Issa aliongeza kijiko cha sukari kwenye mzani bila kujua. Kisha walianza upya. Kiasi gani cha baruti kwa kanga na kiasi gani kwa nguruwe. Kama mtutu mrefu hupeleka risasi mbali au humchosha tu mbebaji. Kama ni heri kufumba jicho moja au kuacha yote wazi. Siku moja Mzee Nkapoka alisikiliza, akachukua gobore lililoegemezwa ukutani, akaingiza kidole chake kidogo kwenye mdomo wa mtutu, akakitoa, akakitazama, kisha akamwonyesha Babu masizi. Siku hiyo Babu alirudi nyumbani mapema, akaketi na mdeki, ile fimbo ya kushindilia, na kitambaa, akasugua mpaka magharibi.

Lilikuwa gobore refu kunizidi mimi. Kitako chake cha kwanza kilikwisha kuliwa na mchwa, na kile nilichokikuta mimi alikichonga Mzee Nkapoka kwa mti wa mkongo, chekundu, laini kama shavu. Risasi zake zilikuwa vipande vya chubwi, yale madini mazito ambayo wavuvi hufunga kwenye nyavu ili zizame. Baba yangu alikuwa mvuvi. Mara kwa mara alivuta wavu wake, akaona upande mmoja unaelea kama jani, akasimama uani na kuuliza kwa sauti ya upole sana kama kuna mtu amewinda wiki hii. Babu aligeuka kutazama kuku.

Bibi akipika kanga kwa nazi, kulikuwa na sheria moja mezani petu, yaani mkekani: tafuna polepole. Tulisikia *ti*, kisha *ti* nyingine, vipande vya chubwi vikidondoka kwenye sahani za bati. Aliyetoa vingi ndiye aliyehesabika kuwa na bahati siku hiyo. Baada ya kula Babu alipita na kopo, akakusanya vyote, akavisuuza, akavirudisha kwenye mfuko wake wa ngozi. Kuna kipande nina hakika nilikitafuna miaka miwili mfululizo.

Nguruwe pori ilikuwa habari nyingine. Walikuja mashambani mahindi yakianza kukomaa, na asubuhi moja tu ilitosha kumwachia mtu mabua matupu. Babu akimpiga nguruwe, hakumgusa. Alimwacha pale pale, akapeleka habari kwa Mzee Nkapoka, na ndugu zake walikuja na mapanga na furaha, wakaondoka na nyama, wakatuachia kapu la mihogo mlangoni. Babu alinawa mikono mara tatu hata hivyo. Mzee Nkapoka alimtania kwamba anawafuga ndugu zake kwa nyama asiyoijua utamu, na Babu alimtania kwamba ndiyo maana wamenenepa.

Babu alikuwa na wajukuu wa kiume sita, tena wenye nguvu, na kila mmoja aliota kubeba ule mfuko wa ngozi. Nilipokuwa na miaka tisa alinichagua mimi, Anchia. Bibi hakufurahi.

"Mtoto wa kike anafunzwa kupika," alisema, "hafunzwi kunyata."

"Huyu ana miguu myepesi," Babu alijibu.

Haikuwa miguu. Nilikwisha kujua. Ilianza kwa maswali madogo njiani. "Yule nani anayekuja?" aliniuliza, na mtu mwenyewe alikuwa karibu kiasi cha kumtambua kwa ndevu. Nikamjibu, na Babu akamsalimia kwa jina kwa sauti ya juu, kana kwamba amemwona tangu mbali. Baadaye niliona kiwingu cheupe katikati ya macho yake yote mawili, kama maji ya mchele. Hakuwahi kuniambia nisimwambie mtu. Na mimi sikuwahi kumwambia kwamba najua. Tuliingia tu katika kazi hiyo wote wawili, kama watu wanavyobeba mzigo mmoja bila kupatana nani ashike wapi.

Tuliwinda hivi. Tulitoka baada ya swala ya alfajiri, umande ukitulowesha mpaka magotini. Yeye alitembea mbele kwa kuwa njia aliijua kwa nyayo, mimi nyuma yake. Tukifika penye mikorosho alisimama, akasubiri.

"Wako watano, Babu," nilimnong'oneza. "Kuna kichuguu, halafu mkorosho uliovunjika tawi. Wako katikati."

"Mbali kiasi gani?"

"Kama toka msikitini mpaka kwa Bwana Issa."

"Mbali mno. Tungoje."

Tulingoja. Kanga walikuja wakidonoa, vishungi vikitikisika, madoadoa yao meupe yakiwa kama mtu amewanyunyizia unga. "Sasa ni kama toka kwa Bwana Issa mpaka jikoni kwa Bibi," nilisema. Hapo Babu aliinua gobore. Mimi nilisimama nyuma ya bega lake, nikatazama kando ya mtutu, nikamgusa kiwiko. Nikikisukuma juu, alipandisha. Nikikivuta kwangu, alizungusha. Nikiondoa mkono, alijua tayari. Alisema, "Bismillahi, Allahu akbar," na dunia yote ikawa mlio na moshi.

Msiowahi kusimama nyuma ya gobore hamuujui moshi ule. Mweupe, mzito, na unakaa. Mpigaji haoni alichopiga mpaka uondoke, awe na macho mazima au mabovu. Kwa muda huo mfupi sote tulikuwa sawa. "Kaanguka nani?" aliniuliza ndani ya moshi, na nilikimbia kwenda kuwashika waliokuwa bado wanapiga mbawa, mpaka afike na kisu awachinje wakielekea kibla.

Alasiri, kibarazani, Babu alisimulia. "Lilikuwepo dume moja," alisema, "kishungi kimelala kushoto, mguu mmoja ana kovu." Yote hayo niliyaona mimi, nikamwambia tukiwa njiani kurudi. Niliketi kwenye ngazi ya duka nikilamba kidole nilichochovya kwenye sukari iliyomwagika, nikasikia macho yangu yakisimuliwa kwa sauti ya babu yangu, na sijui kama nimewahi kujisikia mkubwa hivyo tena maishani.

Ndio wakati gesi ilipokuja. Meli tulikwisha kuziona tangu awali, nyingine zikiwa na mnara wa chuma katikati, zimesimama mbali kana kwamba zimepandwa. Kisha yakaja magari meupe. Kisha wakaja vijana wenye kolete, yale makoti mafupi yasiyo na mikono, ya rangi ya chungwa, wakapita porini na mashambani wakipigilia vigingi na kufunga tepe nyekundu kwenye miti. Kibarazani mazungumzo ya kartusho yalipungua. Bwana Issa alisema kazi zitakuja na duka atalipanua. Babu aliuliza kama ngurumo za mashine zile zitafukuza wanyama. Mzee Nkapoka alisema, "Nimewahi kuona watu wakipima ardhi. Hawakuwa wanaipima ili waiache."

Sisi watoto hatukuwa na habari hiyo. Sisi tulitaka tepe. Eshkola, yaani shuleni, msichana asiye na utepe mwekundu kwenye nywele alikuwa kama hakuja. Rafiki yangu Awa alikuwa na nne. Mimi nilikuwa na mbili, tena mmoja umechanika. Profesori, mwalimu wetu, alitukataza kuzing'oa, akatueleza kwamba ni alama za kazi, na tulimwitikia vizuri kwa pamoja, kisha tukaenda kuzitafuta.

Mahindi ya mwaka ule yalikuwa mazuri, na nguruwe walikuwa wakaidi. Shamba la Babu liliishia penye kichaka, na walitokea humo. Asubuhi moja tulikwenda mapema, tukaketi kwenye kisiki, Babu akashindilia gobore, akaliweka magotini. Tulikaa mpaka jua likapanda kidogo. Hakukuwa na kitu. Ndipo nilipoona, kwenye mti mmoja upande wa kichaka, utepe mpya, mrefu, haujapauka hata kidogo.

Nilimwambia Babu nakwenda kujisaidia. Alisema niende nisikawie.

Nilizunguka upande wa pili wa mahindi. Fundo lilikuwa gumu, nikawa nafungua kwa meno. Nilikuwa na utepe mdomoni niliposikia mabua yakitikisika, si upande wangu, upande wa katikati ya shamba. Babu naye alisikia. Nilimwona amesimama. Aliinua gobore taratibu, kichwa kimeinama kidogo kama mtu anayesikiliza, na hakukuwa na mtu wa kumgusa kiwiko. Nilifuata mtutu kwa macho. Ulipoelekea, kulikuwa na kitu kimeinama ardhini, kinasukumasukuma. Kilikuwa na kolete la rangi ya chungwa. Mtu yeyote mwenye macho angeliona toka mbali.

Nilitema utepe. "Babu, mtu."

Sijui kama nilipiga kelele au nilisema tu. Yeye alisimulia baadaye kwamba alisikia kama nimesema sikioni mwake. Mkono wake ulipanda, gobore likalia, majani ya juu yakaanza kudondoka, na moshi ukafunika kila kitu.

Nilikimbia kuelekea kwake. Nilimkuta amesimama pale pale, gobore limeangukia miguuni.

"Anchia," alisema. "Niambie. Yuko?"

Nilitazama. Moshi haukuwa na haraka. Nilisema, "Bado, Babu," kwa sababu sikuona chochote. Alinishika bega. Alikuwa akisoma aya chini chini, anaanza, anasahau, anaanza tena.

Kisha nikaona rangi ya chungwa. Ilikuwa imelala chini.

"Kalala," nilisema.

Babu alikaa chini. Na mimi nikaona ile rangi ikisogea, mkono ukitoka, kichwa kikiinuka, uso umejaa udongo. Alikuwa kijana. Alijipapasa kifuani, tumboni, akatazama mikono yake kama inatoa damu. Haikutoa.

"Kaamka, Babu. Anajipapasa. Hana damu."

"Tazama vizuri."

"Hana damu, Babu. Anatutazama."

Babu alimwendea kwa magoti, kati ya mistari ya mahindi, mikono mbele ikitafuta. Kijana alirudi nyuma mwanzoni. Kisha nadhani aliyaona macho ya Babu, maana aliacha kurudi. Jina lake lilikuwa Abílio. Alikuwa mtu wa Nampula, Kiswahili chake kidogo, Kireno chake kizuri, kwa hiyo mimi nilitafsiri kwa Kireno changu cha darasa la tatu. Babu alitaka nimwambie maneno mengi. Nilijua neno moja tu la kuomba radhi, nikalirudia mara nyingi nilivyoweza.

Tulimpeleka nyumbani. Bibi alimpa maji ya kunawa, kisha chai, kisha viazi vitamu vilivyokuwa vya kwetu asubuhi ile. Abílio alishika kikombe kwa mikono miwili. Aliposhiba kidogo alisema itabidi amwambie mkubwa wake, kwa sababu mlio umesikika. Babu alisema, "Mwambie kweli. Mwambie mzee asiyeona nusura amuue mtu." Nilitafsiri. Abílio alinitazama, akasema kwa Kireno kwamba atasema mzee alikuwa analinda mahindi, na kwamba yeye naye aliingia shambani mwa mtu bila kubisha hodi. Baada ya siku ile vijana wa vigingi walianza kuleta habari kijijini kila asubuhi, leo watakuwa upande gani. Hilo lilitoka kwake.

Tulipobaki mimi na Babu peke yetu nilimwambia ukweli kuhusu utepe. Nilikuwa nimelia mpaka kwikwi. Nilidhani atanipiga, na nilitaka anipige.

"Ulikuwa na kazi ya mtu mzima," alisema. "Niliyekupa ni mimi. Ungekuwa na umri wangu, na mimi wako, wewe ndiye ungepaswa kujua."

Aliniambia nimshike mkono. Tukaenda kwa Bwana Issa, ingawa haikuwa hata adhuhuri. Mzee Nkapoka alikuwepo, anarekebisha mlango wa duka. Babu hakukaa. Alisimama mbele yao, gobore halipo begani kwa mara ya kwanza, akasema yote. Shamba, kolete, moshi. Kisha akasema, "Macho yangu yamekwisha tangu mavuno ya mwaka juzi. Kanga wote mliowasikia hapa ni wa huyu mtoto. Mimi nilikuwa nabeba tu chuma."

Bwana Issa alikuwa anafuta mzani uliokwisha kuwa safi.

"Tulijua," alisema Mzee Nkapoka.

Babu aligeuza kichwa kufuata sauti.

"Msimu uliopita ulinisalimia mimi kwa jina la Issa," alisema Mzee Nkapoka. "Tena mara mbili. Nikaitikia. Na siku nyingine nilikuwa natafuta mti wa kuchonga, nikawaona. Nikamwona mtoto anakushika kiwiko. Nikakaa nikatazama mpaka mwisho. Ilikuwa kitu kizuri kutazama, Salimu. Ndiyo sababu sikusema."

"Na mimi nilijua," alisema Bwana Issa. "Ulikuwa ukisimulia vishungi. Zamani hukuwahi kusimulia vishungi." Aliacha kufuta mzani, akasema, "Ilitupasa kusema. Tulipenda hadithi zako, tukanyamaza, na leo kijana wa watu angekuwa chini."

Hapo ndipo Babu alipokaa. Mzee Nkapoka aliweka nyundo chini, akaketi upande wake mmoja, Bwana Issa akatoka nyuma ya meza, akaketi upande mwingine. Watu waliokuja kununua walipewa kwa ishara wajichukulie wenyewe. Nilikuwa mdogo, lakini nilielewa kwamba wazee watatu wanaona haya kwa pamoja, na kwamba wanatunzana ndani ya haya hiyo.

Kabla hatujaondoka pale Babu alisema gobore atalikabidhi serikalini. Siku ya pili yake Mzee Nkapoka alikuja kwetu na kitambaa na mafuta. Alilisafisha gobore asubuhi nzima, mtutu, mtambo, kile kitako alichokichonga mwenyewe. Bibi alimwuliza kwa nini anahangaika, kwani si linakwenda kukabidhiwa. "Haliendi mbele ya serikali likiwa chafu," alisema. Aliingiza kidole chake kidogo kwenye mdomo wa mtutu, akakitoa, akamwekea Babu kwenye kiganja akiguse mwenyewe. Kilikuwa kikavu, hakina kitu.

Tulikwenda posto, kwenye ofisi ya serikali, sote wanne kwa miguu. Babu alikataa kupandishwa baiskeli. Karani pale alikuwa kijana mpole, mwenye shati lililopigwa pasi, na gobore hakuwahi kuliona. Aliuliza namba yake. Bwana Issa alimweleza kwamba halina namba. Aliuliza kartusho zake ziko wapi, na Bwana Issa, aliyezisifu kartusho miaka yote ile, alimweleza taratibu, kwa fahari iliyonishangaza, jinsi gobore linavyoshindiliwa, baruti kwanza, kisha kitambaa, kisha risasi, na kwa nini mtu mwenye nafasi ya risasi moja tu hawi na papara. Alieleza vizuri kuliko Babu. Karani aliacha kuandika akasikiliza. Mwisho alisimama, akanyoosha mikono miwili kulipokea, kama anavyopokelewa mtoto. Babu alikuwa bado amelishika. Karani hakulivuta. Alingoja tu, mpaka vidole vya Babu vikafunguka kimoja kimoja.

Njiani kurudi hakuna aliyezungumza bunduki. Lakini alasiri ya siku iliyofuata Bwana Issa alipima sukari akasema, "Sasa wote tuko sawa, hakuna mwenye nayo. Nisikilizeni basi habari ya mtutu mfupi." Wakaanza tena, na waliendelea miaka kadhaa, na bila gobore ukutani mjadala ulikuwa mkali zaidi. Abílio alipita Ijumaa nyingi akala kwetu. Mimi niliendelea kushikwa mkono. Babu alitaka nimweleze kila kitu kilichokuwa kikijengwa, na nilimweleza: mashine yenye shingo, barabara nyekundu, uzio unaofika hadi kwenye kichuguu. "Mbali kiasi gani?" aliuliza, na nilimpimia kwa msikiti na duka, mpaka siku msikiti na duka vyenyewe vilipovunjwa tukahamishiwa Quitunda, kwenye nyumba za matofali zilizopangwa mistari. Babu aliishi humo mwaka mmoja na miezi kadhaa. Alikufa asubuhi, akiwa amekwisha kuswali.

Bwana Issa alivuka Ruvuma katika mwaka ule vita vilipotukimbiza sote, na nasikia ana duka Mtwara vijijini. Mzee Nkapoka yuko Diaca kwa wajukuu zake, hachongi tena.

Watoto wa siku hizi bunduki wanazijua kutushinda. Mtoto wa dada yangu ana telefone, na ndani yake kuna mchezo. Anataja majina ya silaha kwa herufi na namba, anajua hii inapiga ngapi kwa dakika na ile inafika mita ngapi, na kabla ya chakula cha mchana amekwisha kuua mia kwa kidole gumba. Majuzi jirani alileta kanga hai, na shujaa huyo alipanda juu ya kiti. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Nilimwuliza kama anajua Babu yake mkubwa alikuwa mwindaji. Aliniuliza alikuwa kwenye timu gani.

Lakini kuna mengine wanayoyajua ambayo siyachekei. Wiki iliyopita, mchana, lori lililokuwa likitoka Afungi lilipasuka tairi barabarani karibu na nyumba yetu. Mlio ulikuwa mkubwa. Nilikuwa uani nachambua mchele, na nilipoingia ndani sikuwaona wanangu. Mkubwa, mwenye miaka sita, alikuwa chini ya kitanda, amemlalia mdogo wake, amemziba masikio kwa viganja. Hakuna aliyewafundisha. Yaani, hakuna aliyekaa nao akawafundisha.

Nililala sakafuni, shavu kwenye saruji, nikamwambia ni tairi. Hakutoka. Basi nikamsimulia kwamba mimi nilipokuwa na umri wake, kabla Babu hajanichagua, tukisikia mlio kama ule sisi watoto wote wa kijiji tuliacha tulichokuwa tukikifanya, tukachukua mabakuli jikoni, tukakimbia kuelekea ulikotoka, tunasukumana nani atangulie.

"Mlikuwa mnaukimbilia?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu tulimjua anayepiga."

Alifikiri kidogo. Kisha akamvuta mdogo wake kando, akasogea ukutani, akanipisha na mimi niingie.